Paukwa, na Hakuna wa Kuitika

Siku mbili kabla ya Ramadhani iliyopita nilikuwa jikoni kwangu, Seeb, hapa Maskati, Oman, nataka kukuna nazi. Nikamwita mjukuu wangu, ana miaka sita, nikamwambia, "Baba, nenda stoo kaniletee mbuzi." Akaenda. Nikangoja, nikangoja. Nilipomfuata nikamkuta uani anachungulia nyuma ya tangi la maji. Akaniambia kwa Kiarabu kwamba hakuna mbuzi, pengine ametoroka.

Neno mbuzi analijua, maana mimi ndiye niliyemfundisha majina ya wanyama. Kwamba iko mbuzi nyingine, ya mti, yenye ulimi wa chuma wenye meno, hilo hajapata kulisikia. Angelisikia wapi? Kwao tui linatoka kwenye kopo.

Mbuzi yangu mama aliinunua Mombasa, akaja nayo Maskati mwaka 1972 imefungwa ndani ya kanga mbili. Kibao chake kimelainika kwa kukaliwa, na upande mmoja umebonyea, kwa sababu mama alikuwa akikaa kiupande, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyoosha. Nikamkalisha mtoto juu yake. Nikavunja nazi, nikamshika mikono, tukakuna pamoja, nazi iliyokunwa, nyeupe, ikianguka kwenye sinia. Nikamwuliza hiki kinaitwaje. "Narjil," akasema. Nikaanza kumhesabia: kwanza ni kidaka, kikikua ni kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndiyo nazi, na ikikaukia ndani ya kifuu ni mbata. Akaniangalia kwa adabu. Kwake yeye vyote hivyo ni kitu kimoja na jina moja.

Hapo ndipo nilipomkumbuka baba yangu na sinia ya tende.

Babu yake baba alitoka Ibra, Sharqiya, huku Oman, akashuka Unguja na majahazi ya kaskazi, kama walivyoshuka wengi tangu Seyyid Said alipohamishia makao yake kisiwani. Unguja watu wa namna yake waliitwa Wamanga. Nimehadithiwa kwamba Kiswahili kilimshinda mpaka anakufa: Pemba akiita Bemba na pilipili akiita bilibili, kwa kuwa Kiarabu hakina sauti ya p, na watoto wa mtaani walikuwa wakimfuata nyuma wakimwigiza. Alioa hukohuko. Mwanawe, babu yangu, akasema Kiarabu na baba yake na Kiswahili na mama yake. Na mwana wa huyo, baba yangu, alisoma Kurani kwa tajwidi nzuri ajabu, barua akiandika kwa herufi za Kiarabu, lakini kilichoandikwa kilikuwa Kiswahili. Vizazi vitatu tu, na lugha ya Ibra ikawa imebaki kwenye msala wa kusalia na kwenye majina ya watu.

Mwaka 1973 baba alitupeleka Ibra kuwaona jamaa zetu. Tulikaa chini kwenye majlis, ikaletwa kahawa na sinia ya tende. Mzee mmoja wa ukoo, ndevu nyeupe, akachukua tende moja akamwonyesha baba: hii nini? Baba akajibu, tamr. Mzee akacheka, na waliokuwapo wote wakacheka naye. Akaanza kumtajia kama mtu anayemfundisha mtoto: ikiwa kijani ni khalal, ikianza rangi ni busr, ikiiva na kulainika ni rutab, ikikauka ndiyo tamr. Na hii ni khalas, hii fardh, hii khunaizi. Baba alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, amevaa kanzu mpya aliyoshonewa kwa safari ile, na nilimwona anayarudia majina yale kwa sauti ndogo. Njiani kurudi hakusema neno.

Nimetangulia mbele. Tulitoka Unguja mwaka 1964, mimi mtoto wa miaka minne, na ya mwaka ule sitayaeleza hapa. Tukaingia Mombasa kwa ndugu wa mama. Sultani Qaboos alipotawala, tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Oman nzima ilikuwa na skuli rasmi 3. Watu waliosoma walihitajika, na waliotoka Zanzibar walikuwa wamesoma, tena kwa Kiingereza. Shekhe wa kabila alithibitisha kwamba sisi ni watu wao, baba akapata kazi ya ofisini, na katika ofisi ile Kiingereza chake kilimtosha kwa miaka mingi. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Ndiyo maana Kiarabu kilimjia baba polepole sana, na mama zaidi ya baba.

Mimi kilinijia kwa nguvu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikatiwa darasa moja na watoto wa miaka saba. Nilidhani nitajua haraka, kwa sababu nusu ya maneno niliyoyasikia nilikuwa nayo mdomoni: kitabu, daftari, sahani, sanduku, dakika. Kumbe yale yaliyofanana ndiyo yaliyonitega. Nilimwambia mwalimu kwamba nimekuja na jirani mmoja. Akaniuliza, wangapi? Maana jirani kwa Kiarabu ni wengi, mmoja ni jar. Siku nyingine nikasema jana nilikwenda "arusi", nikikusudia sherehe, nikawa nimesema nilikwenda bibi harusi. Darasa zima likacheka. Nilikuwa mrefu kuliko wote mle ndani, sikuwa na pa kujificha. Wakaniita Zinjibari. Babu yake baba kule Unguja alikuwa Mmanga, na mimi nimerudi kwao nimekuwa Zinjibari.

Nilijifunza. Mwaka wa tatu hakuna aliyeweza kunijua kwa sikio. Na hapo, nilipokuwa nimeshaokoka, ndipo nilipofanya jambo ambalo kila nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Ilikuwa 1976, sokoni Matrah. Mama alikuwa akinunua kitambaa. Mama yangu alikuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja. Kwao Malindi, mtaa wa mjini Unguja, wanawake walisemezana dirisha kwa dirisha. Akanigeukia akasema kwa sauti, "Mwanangu, mwambie huyu apunguze, bei yake inakata maini." Na nyuma yangu wamesimama wasichana wawili wa darasa langu. Nikamsogelea mama nikamnong'oneza, "Mama, sema Kiarabu. Au unyamaze." Hakunigombeza. Alikunja kitambaa akakirudisha juu ya meza, akalipanga pindo vizuri kama alivyolikuta. Tukatoka. Tangu siku ile kila nilipokuwa naye sokoni aliashiria kwa kidole, na mimi ndiye niliyesema. Miaka mingi nilijidanganya kwamba ni kwa sababu Kiarabu changu ni kizuri.

Nilipoolewa, mume wangu naye alikuwa wa asili ya Pemba. Baina yetu ilikuwa Kiswahili, usiku na mchana. Binti yetu wa kwanza alizaliwa 1981 na mpaka miaka sita alisema Kiswahili kitamu, cha bibi yake. Alipoingia skuli mwalimu mmoja aliniita akaniambia mtoto anachanganya, afadhali nyumbani mseme Kiarabu tu. Nilikubali bila kuuliza hata swali moja. Nilikuwa nimeshapita pale, sikutaka mwanangu acheke­we kama nilivyochekwa. Basi nikageuza lugha ya nyumba kwa siku moja, kama mtu anayebadilisha kufuli.

Nilichokuja kukiona baadaye ni hiki. Kiarabu changu kilikuwa cha darasani na cha ofisini. Sikuwa na Kiarabu cha kubembeleza mtoto, wala cha kumtania, wala cha kumwambia anavyonukia akitoka kuoga. Maneno hayo mtu huyapata kwa mama yake, na mama yangu alinipa kwa Kiswahili. Nikawalea watoto wangu kwa lugha iliyonyooka na iliyokauka, na utamu nikaubakisha kwangu. Tena mimi na baba yao tuliendelea kusema Kiswahili wawili wetu, kwa hivyo kwa watoto kikawa lugha ya mambo mazito: madeni, ugonjwa, fulani kaachwa, fulani kafa. Binti yangu huyo leo ana miaka zaidi ya arubaini. Ukigombana mbele yake kwa Kiswahili atakufahamu neno kwa neno. Mwambie acheze na mtoto kwa Kiswahili, hana hata maneno kumi.

Nina watoto wanne, na Kiswahili chao ni vinne. Wa kwanza anafahamu, anajibu kwa Kiarabu. Wa pili, huyo nitamrudia. Wa tatu anajua majina ya vyakula, anajua "haya", anajua "pole". Neno pole wote wanne wamelishika, hata wale wakwe zao wasio na damu ya Zanzibar wanalitumia, kwa sababu wamelitafuta neno la kukaa mahali pake wakalikosa. Wa mwisho alizaliwa 1993. Mwaka uliofuata baba akafariki na mama akahamia kwangu, na mtoto akalala naye chumba kimoja mpaka alipobaleghe. Huyo anasema Kiswahili mpaka mafumbo. Sikumfundisha mimi. Hakufundishwa na mtu. Palikuwa na bibi asiyeweza kumjibu kwa lugha nyingine, basi.

Sasa wa pili. Wengi wa umri wangu hapa Maskati husema watoto wetu walikikataa Kiswahili, kwamba waliona haya na mambo ya kizamani. Mimi nilisema hivyo pia. Lakini nilikuwapo siku mwanangu alipokiacha, na haikuwa hivyo. Alikuwa na miaka tisa. Tulikuwa kwenye harusi, nyumba imejaa wanawake wa kwetu, halati na shangazi kutoka kila pembe, na yeye kaanguka kwenye ngazi. Alikuja mbio akilia, kashika kiwiko, akasema mbele ya wote, "Mama, mkono changu! Mkono changu imevunjika!" Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nawajua. Walicheka kama watu wanavyocheka wakimwona mtoto kavaa viatu vya baba yake. Mmoja akamwigiza, "Mkono changu," mwingine akadakia, na neno likazunguka chumba kizima mpaka likafika kwa waliokuwa wakipakua biriani. Na mimi mama yake nilitabasamu. Mkono ulikuwa umeteguka kweli, uliwekwa bandeji wiki mbili. Tangu usiku ule hajanisemesha tena Kiswahili, na leo ana watoto watatu.

Watu wa Unguja tuna ugonjwa huo. Lugha yetu ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, na tunalijua hilo kupita kiasi. Mtoto akikosea ngeli tunacheka kwanza, tunasahihisha baadaye, na kuitika hatuitiki kabisa. Anatuomba maji kwa ngeli mbovu, tunampa ngeli nzuri, maji tunayasahau. Mtoto naye anajua kuhesabu. Kiarabu hakimtolei damu, na Kiingereza anapewa alama. Kwa nini aje kwetu kuchekwa?

Na Kiswahili chetu chenyewe tunachokilinda hivyo, kimesimama mahali. Mwaka 1998 nilikwenda Unguja kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Nilijiona nimerudi nyumbani kwa lugha yangu, kumbe kila saa nasikia neno jipya. Mtu ananiambia "tuna changamoto ya maji", nami namwangalia: changamoto kwetu ilikuwa kuchangamsha. "Mchakato" sikulijua. Dereva wa teksi aliniuliza kwa upole, "Mama, wewe umejifunza wapi Kiswahili cha wazee?" Na kile tunachokisema Maskati kimeshaingia Kiarabu tele. Wanangu husema "nitakutarishia picha", kwa maana ya kutuma, wamelichukua neno la hapa wakalivisha kilemba cha Kiswahili. Mama alilichukia sana neno hilo. Nikamwambia, mama, kwani yule mtu wa kupeleka barua ofisini kwenu Unguja mlimwitaje? Tarishi. Akanyamaza, akatikisa kichwa. Neno lilikwishavuka bahari zamani na Wamanga, likakaa, na likarudi.

Kaka yangu haoni shida yoyote. Hoja yake anaisema kwa utulivu na si ya kupuuzwa: babu wa baba alileta Kiarabu Unguja, kikamezwa na Kiswahili kwa vizazi vitatu, na hakuna aliyemlilia. Sisi tumeleta Kiswahili Maskati, kinamezwa na Kiarabu kwa vizazi vitatu. Maji yamerudi baharini. Watoto ni Waomani, na hii ndiyo lugha yao.

Ni kweli, na sina ugomvi na Kiarabu. Ndicho ninachoombea dua, na ndicho alichozikiwa mume wangu. Kinachoniuma ni chumba kimoja cha nyumba yangu, mama alimokaa miaka ishirini na mitano, na wajukuu na vitukuu wanaingia wanambusu mkono na kipaji, wanakaa dakika tano, wanatoka. Walimpenda. Hawakuwa na la kumwambia. Kaka yangu anahesabu lugha. Mimi namhesabu mama.

Alianza kusahau akiwa na miaka themanini na kidogo. Kilichotoka kwanza ni Kiarabu. Alikipata kidogo tu, ukubwani, na kilikwenda kabla ya majina ya watoto wake, kabla ya njia ya kwenda msalani. Jirani aliyekunywa naye kahawa miaka kumi akaja kumwamkia, mama akanigeukia akaniuliza, "Huyu anasema nini?" Mwisho akabaki na Kiswahili cha Malindi peke yake, tena cha udogoni, na vitendawili.

Usiku tulilala naye kwa zamu. Usiku mmoja wa mwaka 2019 ilikuwa zamu ya mjukuu wangu mkubwa, binti wa yule binti yangu wa kwanza, msichana wa miaka kumi na sita. Asubuhi akaniletea simu yake. Alikuwa ameirekodi sauti ya bibi mkubwa, kwa sababu alisema jambo na kulirudia, akahofu pengine anaumwa au anataka kitu, na hakutaka kuniamsha. Nikaisikiliza nimesimama kwenye ujia, na nguo za kufua mkononi.

Unasikia feni. Kisha sauti ya mama, nyembamba lakini na uchangamfu, kama mtu aliyezungukwa na watoto. "Paukwa!" Kimya. Unamsikia msichana anasogea, anamwuliza kwa Kiarabu kama anataka maji. "Paukwa!" Kimya. Msichana anamfunika, shuka inasikika. Mara ya tatu, polepole, "Paukwa." Feni tu. Halafu anasema, hasemi kwa hasira, anasema kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya watu anaowajua, "Kwani hamna watu humu?"

Mjukuu wangu alikuwa ananitazama usoni. "Bibi, alitaka nini?" Nilishindwa kumjibu. Nikaenda chumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Mama amelala macho wazi. Nikamwambia, "Pakawa, mama. Pakawa." Lakini ilikuwa asubuhi, na hadithi ilikuwa imeshampita. Alifariki wiki ya tatu baada ya hapo.

Msichana yule aliposomewa maana ya neno lile, kwamba bibi alikuwa akianza hadithi na kungoja aitikiwe, alilia kuliko alivyolia mazikoni. Sasa anasoma chuo Uingereza na amejisajili darasa la Kiswahili, na hunipigia simu Ijumaa. Ana "ninakwenda" na "ninaomba" za kitabuni, kila silabi ameipigia pasi. Ngeli zinamchenga. Namsikiliza tu. Akisema "kitanda yangu", namwuliza kitanda chako kiko dirishani au ukutani, naye hulichukua "chako" mwenyewe akalitumia, au asilichukue. Nimejifunza kuufunga mdomo wangu hapo, na haikuwa kazi nyepesi kwa mtu wa Unguja.

Na yule mwanangu wa mkono, mtoto wa mbuzi ni wake. Nilimwomba radhi mwaka jana. Nilimkumbusha harusi ile, ngazi, wale wanawake. Nilidhani amesahau. Akaniambia kwa Kiarabu, "Mama, nakumbuka hata rangi ya nguo yako." Kisha kuanzia wiki ile akawa ananiletea mtoto Alhamisi jioni, alale kwangu mpaka Jumamosi.

Siku ile ya nazi tulikamua tui zito kwenye kifumbu, tukapika muhogo, akala akalamba kijiko. Usiku nikamlaza kitandani kwa mama, chumba kilekile. Nikazima taa. Nikamweleza kwa Kiarabu kwamba mimi nitasema neno na yeye ataniitika neno, ndipo mlango wa hadithi ufunguke. Nikamtajia mara moja tu.

"Paukwa," nikasema.

Akafikiri kidogo gizani.

"Bakawa!"

Babu wa baba yangu, yule wa Bemba na bilibili. Nikaivuta shuka mpaka kidevuni kwake, nikaanza hadithi.